Kuperuzi simu ikiwa kwenye chaji: intaneti inasingiziwa

Kuna ujumbe wa WhatsApp ambao hauzeeki. Hupotea miezi michache, kisha hurudi ukiwa na picha ya simu iliyoungua na onyo kwamba ukiwasha data simu ikiwa kwenye chaji, betri itakufa mapema, au simu italipuka mkononi, au umeme utapanda kutoka ukutani hadi sikioni. Hapo hapo kwenye kundi hakosekani mtu wa kujibu kwamba yeye huangalia mpira kwenye simu iliyochomekwa miaka nenda miaka rudi na hajawahi kuona lolote. Watabishana mpaka usiku na hakuna atakayemshinda mwenzake, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake.

Ukiutazama vizuri, ubishi huo una maswali manne ndani yake. Simu itachelewa kujaa? Betri itachoka mapema? Inaweza kushika moto? Naweza kupigwa shoti? Majibu hayafanani hata kidogo, na katika yote manne intaneti ina hatia ndogo sana kuliko inavyobambikiwa.

Kwanza tuelewane kuhusu vifaa. Betri huhifadhi nishati, na zile asilimia tunazoziona juu ya kioo ni makadirio ya nishati iliyobaki. Kichwa cha chaja kinachochomekwa ukutani kina kazi ya kuupunguza umeme wa ukutani, ambao ni volti 230 hivi katika nchi nyingi na 120 kwa Marekani, hadi kufikia volti ambazo simu inazimudu: 5 kwa chaja za kawaida, zaidi ya hapo kwa chaja za kasi. Hakiamui umeme kiasi gani uingie kwenye betri. Uamuzi huo ni wa chipu iliyomo ndani ya simu yenyewe, na ndiyo maana chaja nzima ya wati 65 haiunguzi simu inayotaka wati 10. Simu huchukua inachohitaji.

Na intaneti? Kwa upande wa simu, intaneti ni redio tu. Simu inatuma na kupokea mawimbi, ama kwa mnara wa mtandao ama kwa kifaa cha waifai kilichopo jirani, na redio hiyo inakula umeme kama vile kioo, spika na prosesa zinavyokula. Hakuna kitu kinachoitwa intaneti kinachoingia ndani ya betri na kuichafua.

Umeme unahudumia nani kwanza

Wengi huamini kwamba umeme wote wa chaja huingia kwenye betri, halafu simu inaunyonya kutoka humo, kwa hiyo betri inajazwa na kukamuliwa kwa wakati mmoja. Ndiyo picha iliyozaa hofu nyingi, na si sahihi.

Fikiria nyumba yenye bomba kuu na tangi juu ya paa. Maji yakija, mabomba ya jikoni na bafuni ndiyo yanayohudumiwa kwanza, na yanayobaki hupanda kwenye tangi. Bomba kuu likiwa na nguvu, unaoga na tangi linajaa. Likiwa dhaifu, unaoga na tangi halipandi. Likizidi kudhoofika, tangi lenyewe linashuka kusaidia. Simu nyingi za leo zimepangwa hivyo hivyo: umeme wa chaja hulisha kwanza kioo, prosesa na redio, na unaobaki ndio unaokwenda kwenye betri.

Tupige hesabu ndogo. Chukua simu yenye betri ya mAh 5000 (milliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri). Betri hizi hufanya kazi kwenye wastani wa volti 3.85, kwa hiyo ndani yake kuna kama wati-saa 19 za nishati. Chaja ya volti 5 na ampea 2 inatoa wati 10. Tuweke pembeni umeme unaopotea njiani: simu ikiachwa imelala, itahitaji saa mbili hivi. Sasa washa video, mwanga wa kioo upandishe, data itiririke, na tuseme vyote pamoja vinakula wati 3. Kwa betri zinabaki 7, na zile saa mbili zimekaribia kuwa tatu. Simu imechelewa, lakini hakuna kilichoharibika.

Chomeka sasa simu hiyo hiyo kwenye tundu la USB la kompyuta ya zamani. Tundu la aina hiyo kwa kawaida hutoa nusu ampea, yaani wati 2.5. Simu inakula 3, inapewa 2.5. Alama ya radi inaonekana pale juu, simu inadai inachaji, na bado asilimia zinashuka moja moja, 41, 40, 39. Mwenye simu anaanza kuulizia bei ya betri mpya wakati betri yake ni nzima kabisa. Hali hiyo hiyo huletwa na waya uliochoka. Kichwa cha chaja kinaweza kuwa kizuri, lakini waya mwembamba uliokunjwakunjwa ukapitisha theluthi moja tu ya kinachotakiwa.

Lipo na lingine linalowachanganya watu: asilimia 20 za mwisho. Betri ya lithiamu huchajiwa kwa nguvu mwanzoni, kisha inapokaribia kujaa, chipu hupunguza mkondo kidogo kidogo ili isivuke volti yake ya juu. Kutoka 80 hadi 100 kunaweza kuchukua muda unaoshangaza hata kama simu haijaguswa. Ukiwa unaperuzi wakati huo, utaona imeganda kwenye 97 na utailaumu data bure.

Kinachoichosha betri

Betri za lithiamu-ayoni ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na mwaka 2019 wanasayansi watatu waliozifanikisha, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ndani yake kuna tabaka la grafiti upande mmoja, tabaka la oksidi ya metali upande wa pili, utando mwembamba wa plastiki katikati, na kimiminika kinachowezesha ayoni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, kusafiri. Unapochaji, ayoni zinasukumwa kwenda upande wa grafiti. Unapotumia, zinarudi. Kila safari inaacha alama: chembe za lithiamu zinanaswa kwenye utando mwembamba unaojijenga juu ya grafiti na hazirudi tena kazini. Hiyo ndiyo sababu simu ya miaka mitatu haifiki jioni.

Watengenezaji hupima uchakavu kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni pale unapokuwa umetumia jumla ya asilimia 100 za betri, iwe kwa siku moja au kwa siku tatu. Apple husema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 ikataja 1000. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza kutumika Juni 2025, unataka simu zinazouzwa huko zifikishe mizunguko 800 zikiwa na angalau asilimia 80.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hulipita. Ukiangalia video kwa saa mbili simu ikiwa kwenye chaja yenye nguvu ya kutosha, matumizi hayo hayatoki kwenye betri, yanatoka ukutani. Hujatumia mzunguko wowote. Ukiangalia video hiyo hiyo bila chaja kisha ukachaji baadaye, umetumia sehemu ya mzunguko. Kwa hesabu ya mizunguko peke yake, kuperuzi ukiwa umechomeka kunaipumzisha betri.

Lakini mizunguko si hesabu yote. Lipo joto, na joto ndilo adui hasa. Kuchaji kunazalisha joto. Kioo kinazalisha joto, prosesa nayo, redio nayo. Ukivifanya vyote kwa pamoja ndani ya kisanduku chembamba kisicho na feni, kilichovalishwa kava la mpira na kulazwa juu ya godoro, joto halina pa kutokea. Betri za lithiamu-ayoni kwa kawaida huchajiwa kati ya nyuzijoto 0 na 45 za Selsiasi. Apple inashauri simu itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35, na inaonya kwamba kuzidi hapo kunaweza kupunguza uwezo wa betri usirudi tena. Simu yenyewe inalijua hilo: ikipata joto hupunguza mwanga wa kioo, huipunguza kasi prosesa, na mwisho husimamisha kuchaji mpaka ipoe. Simu kadhaa hupunguza kasi ya kuchaji kioo kinapowaka tu, kabla hata joto halijapanda.

Kwa hiyo swali la maana ni unaperuzi nini, na mahali gani. Kusoma habari kwenye waifai yenye nguvu, mwanga wa kioo ukiwa wa wastani, ni kazi nyepesi ambayo simu haiihisi. Simu ya video ya saa nzima mahali ambapo mtandao unashika kwa kubahatisha ni habari nyingine kabisa. Simu ikiwa mbali na mnara hupandisha nguvu ya kutuma ili isikike. Kwenye 4G mawimbi yanayotoka hufikia kama wati 0.2 yakiwa juu kabisa, kiasi kinachoonekana kidogo, ila kipaza nguvu kinachoyasukuma hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kama joto. Ukiishika simu hapo utausikia upande mmoja wa mgongo wake umepata moto kuliko mwingine.

Kazi inayoyakusanya mabaya yote pamoja ni hotspoti. Simu inayowagawia wengine intaneti inaendesha redio mbili kwa mpigo: moja inaongea na mnara, nyingine inaongea na kompyuta mpakato na simu za wenzake. Kwa kuwa inamaliza chaji haraka, inaachwa imechomekwa kutwa. Kwa kuwa ndani mtandao ni hafifu, inawekwa dirishani, na dirishani kuna jua. Kisha, kwa kuwa haichomolewi, inakaa kwenye asilimia 100 muda wote, yaani kwenye volti yake ya juu kabisa, ambako betri ya lithiamu huchakaa haraka hata ikikaa bure. Mtu anayetaka kuiua betri kwa makusudi asingepanga vizuri zaidi. Miezi inapita, kisha mfuniko wa nyuma unaanza kuachana na fremu, au kioo kinanyanyuka upande mmoja na ukucha unapita pale ambapo zamani haukupita. Betri imevimba, na mwenyewe atasema intaneti ndiyo imeiharibu.

Kama simu lazima ifanye kazi hiyo, itoe kwenye jua, ivue kava, na utafute kwenye mipangilio ya betri kile kipengele cha kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Simu nyingi mpya zinacho. Baadhi ya simu, hasa za wacheza gemu, zina uwezo wa kuiruka betri kabisa na kuendeshwa na chaja moja kwa moja. Kama yako ina uwezo huo, utumie.

Bando linaloisha usiku

Hili halimo kwenye ule ujumbe wa WhatsApp, nami naona lilistahili kuwemo kuliko mengine. Simu hubadilika tabia inapochomekwa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ya Android isiyo kwenye chaji, ikiwa imetulia na kioo kimezima, huzizuia programu zisiguse mtandao hovyo. Ukiichomeka, kizuizi hicho kinaondoka. iPhone nayo hungoja iwe kwenye chaji, imefungwa na ipo kwenye waifai ndipo itume nakala zake za akiba. Masasisho ya programu na upakiaji wa picha pia mara nyingi husubiri wakati huo huo.

Sasa weka simu yako kwenye chaji usiku ikiwa imeungwa kwenye hotspoti ya mwenzako. Wakati mwingine itaiona kama waifai ya kawaida, na asubuhi bando la mwenzako halipo. Ndiyo sababu pia watu hulalamika kwamba intaneti huwa nzito simu ikiwa inachaji. Waya haupunguzi kasi ya mtandao. Ama kuna mzigo unaopita kimya kimya nyuma, ama simu imepata moto na imejipunguza kasi. Kwenye mipangilio ya waifai hiyo, iambie simu kwamba mtandao huu una kikomo cha data, na itaacha.

Moto na milipuko

Simu hushika moto pale ambapo utando wa katikati ya betri umeharibika na pande mbili zikagusana. Joto linapanda, linachochea kemikali nyingine zinazotoa joto zaidi, na mambo yanakwenda mbio hadi moto. Chanzo huwa hitilafu ya kiwandani, betri kutobolewa au kupondwa, betri feki isiyo na sakiti ya kuilinda, au joto lililopindukia.

Mfano unaotajwa kila mara ni Samsung Galaxy Note 7 ya mwaka 2016. Kampuni iliziita zote zirudishwe, ikafanya uchunguzi uliohusisha simu 200,000 na betri 30,000, na Januari 2017 ikatangaza kwamba kasoro zilikuwa ndani ya betri zenyewe, kasoro za aina mbili kutoka kwa watengenezaji wawili. Mwenye moja ya simu hizo, iliyotoa moshi ndani ya ndege mjini Louisville, Marekani, Oktoba 2016, alisema alikuwa ameshaizima. Haikuwa kwenye data wala kwenye chaja.

Hiyo haimaanishi uilalie simu inayochaji. Chini ya mto, joto ambalo lingetawanyika hewani linabaki pale pale, na betri yenye kasoro ndogo inapewa nafasi ya kuionyesha. Betri iliyokwisha kuvimba ndiyo usiichezee kabisa. Usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe eti utoe gesi. Zima simu na uipeleke kwa fundi anayejua kuitoa bila kuikunja.

Shoti

Swali hili la nne ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na ndilo linalozungumzwa kipuuzi zaidi. Ndani ya kichwa cha chaja nzuri, upande wa volti 230 na upande wa volti 5 vimetenganishwa: kuna transfoma yenye nyaya zilizokingwa vizuri na nafasi ya milimita kadhaa ambayo umeme hauwezi kuiruka. Chaja feki hubana hapo hapo. Mwaka 2016 taasisi ya usalama ya UL ilipima chaja feki 400 zilizoigizwa za Apple. Zaidi ya asilimia 99 zilifeli, na 12 zilitengenezwa vibaya kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa umeme. Kizuizi hicho kikishindwa, umeme wa ukutani unafuata waya mpaka kwenye simu, na aliyeishika ndiye anayeupokea, awe anaperuzi, anapiga simu au anaangalia saa tu. Akiwa amelowa au yuko bafuni, hatari inazidi mara nyingi.

Chaja mbovu hujitangaza, ukiijua lugha yake. Kioo kinaanza kujiendesha: unagusa herufi moja zinatokea tatu, ukurasa unaruka, programu inafunguka bila kuguswa, na ukichomoa waya kila kitu kinatulia. Kioo cha mguso hufanya kazi kwa kupima mabadiliko madogo ya umeme yanayoletwa na kidole, na chaja isiyochuja umeme vizuri inakijaza kelele. Wengi hudhani ni kirusi walichokipata mtandaoni kwa sababu hutokea wakati wanaperuzi.

Ile hali ya kuhisi mtetemo mwepesi unapopitisha kidole kwenye ubavu wa chuma wa simu inayochaji ni kitu tofauti kidogo. Hata chaja nzuri huruhusu sehemu ndogo sana ya milliampea kuvuja kupitia kapasita, kijenzi kidogo cha umeme kilichowekwa makusudi kuzuia kelele za umeme, na kiasi hicho hakidhuru. Ikigeuka kuwa kuchoma, chaja hiyo si ya kumpa mtu mwingine. Itupe.

Kuhusu mionzi, kuna ule ujumbe mwingine unaosema betri ikibaki kidogo simu hutoa mionzi mara 1000 zaidi. Ni uongo. Nguvu ya mawimbi hupangwa kulingana na hali ya mtandao, haitazami betri ina asilimia ngapi wala kama chaja imechomekwa.

Na radi haivutwi na simu wala na data. Ila simu iliyochomekwa imeunganishwa na nyaya za umeme za jengo zima, na radi ikipiga karibu na nyaya hizo, umeme wake unaweza kufika hadi mwisho wa waya wako. Ngurumo zikianza, chomoa chaja ukutani, kisha endelea kuperuzi kwa chaji iliyobaki.